Kidole gumba cha mguu kinapokataa kukunjika

Kila hatua tunayopiga humalizikia kwenye kidole gumba. Kisigino hutua kwanza, uzito wa mwili husafiri juu ya wayo, kisha kisigino kinanyanyuka na mwili mzima unasukumwa mbele na kiungo kimoja kidogo: pale mfupa mrefu wa kwanza wa mguu unapokutana na mfupa wa kidole gumba. Kiungo hicho ndicho kinachomfanya mama lishe aliyesimama tangu alfajiri arudi nyumbani akikanyagia ubavu wa mguu. Ndicho kinachomchelewesha mzee msikitini kuinuka kutoka sijida. Ili mtu atembee kawaida, kidole hicho kinahitaji kuinuka nyuzi 45 hadi 60 hivi. Kiungo chenye afya kina akiba zaidi ya hapo. Kiungo kilicholika hakina akiba, na kila hatua inakilazimisha kufika pasipofikika.

Ugonjwa huu wa kulika kwa kiungo umeenea kuliko watu wanavyodhani. Kati ya viungo vyote vya mguu kuanzia kifundo kwenda chini, hiki ndicho kinacholika mara nyingi zaidi. Madaktari wameuandika tangu 1887, na mpasuaji J. M. Cotterill wa Edinburgh ndiye aliyeupa jina la Kilatini linalotumika hadi leo, hallux rigidus. Ukiliona jina hilo kwenye karatasi ya majibu ya eksirei, jua kwamba daktari anazungumzia kidole gumba kilichokakamaa kwa sababu kiungo chake kimelika.

Ukishika jambo moja tu katika makala haya, shika hili: maumivu ya ugonjwa huu yanatokana na kukunjika. Kidole hakilalamikii uzito peke yake, kinalalamikia kukunjwa huku kimebeba uzito. Kwa hiyo karibu kila tiba inayofaa, kuanzia kiatu hadi kisu, inatafuta namna ya mguu kusonga mbele bila kidole kukunjwa. Na karibu kila tiba inayodhuru, hasa ile ya kumshika mgonjwa na kukivuta kidole juu kwa nguvu "kilegee", inafanya kinyume chake.

Si kila kidole kinachouma ni gauti

Hapa kwetu kidole gumba kikiuma, hukumu inatolewa papo hapo: hiyo ni gauti, umezidisha nyama choma. Mtu anaacha nyama, anaacha maharage, ananunua vidonge kwenye duka la dawa bila kupimwa, na mwaka unapita kidole kikizidi kukakamaa. Linaniuma jambo hili, kwa sababu magonjwa yanayoshambulia kiungo hiki ni kadhaa na kila moja lina njia yake. Dawa ya hili haimsaidii mwenye lile.

Gauti, ambayo wengine huiita jongo, huja kwa kishindo. Mtu analala mzima, anaamka usiku wa manane kidole kimevimba, kina moto, na hata shuka likigusa hawezi kuvumilia. Kwenye ngozi nyeusi wekundu unaweza usionekane. Utaona ngozi imekaza na inang'aa, na ukiweka mgongo wa kiganja utahisi joto. Shambulio hufika kilele ndani ya siku moja, na hata bila dawa hupoa ndani ya wiki moja au mbili. Baada ya hapo kidole kinarudi kuwa kizima, hadi shambulio jingine. Kinachosababisha yote hayo ni asidi ya yuriki iliyozidi mwilini ikaganda kuwa fuwele ndani ya kiungo, na kidole gumba kinapendwa na fuwele hizo kwa sababu kipo mbali na moyo na joto lake ni la chini.

Nyama na bia zinachangia, ni kweli, lakini zipo dawa zinazopandisha asidi hiyo kwa mtu ambaye hata hajagusa nyama. Mojawapo ni vidonge vya presha vya kukojosha. Nyingine ni pirazinamidi, iliyomo katika miezi miwili ya mwanzo ya matibabu ya kifua kikuu. Anayetumia dawa hizi na kidole kikavimba asiziache, amwambie aliyemwandikia. Kwa mwanamke ambaye bado anapata hedhi gauti ni nadra, kwa hiyo mama wa miaka 35 anayeambiwa ana gauti ana haki ya kuuliza imejulikanaje. Kipimo cha damu nacho kina mipaka: katikati ya shambulio kinaweza kuonyesha asidi ipo sawa, na wapo watu wenye asidi ya juu wasiougua kamwe. Uthibitisho wenyewe ni kuvuta ute wa kiungo kwa sindano na kuziona fuwele kwa hadubini. Ikithibitika, mgonjwa anayepata mashambulio ya mara kwa mara anahitaji dawa ya kila siku ya kushusha asidi, kama alopurinoli, mpaka ishuke chini ya mikromoli 360 kwa lita na ibaki hapo. Akipata vipele baada ya kuianza, aiache na arudi hospitali siku hiyohiyo.

Baridi yabisi inayotokana na kinga ya mwili kujishambulia ina sura nyingine. Hiyo hukamata viungo vingi kwa mpigo, pande zote mbili, mikono kwa miguu, na asubuhi viungo hubaki vimekakamaa kwa zaidi ya saa nzima. Inataka dawa za hospitali, na mapema. Nundu ya ubavuni, ile ambayo kidole gumba hulalia vidole vingine na mfupa ukatokeza upande wa ndani wa mguu, ni tatizo jingine tena, ingawa huweza kuishi pamoja na kulika kwa kiungo. Na kidole kilichovimba kikiambatana na homa, au kidonda karibu na kiungo, hilo ni la kukimbizwa hospitali siku hiyo, kwa kuwa usaha ndani ya kiungo unaharibu kwa muda mfupi sana.

Ugonjwa wetu, huu wa kulika, hauna kishindo. Unaanza kama uchungu wa mbali unapopanda kilima au ngazi, unapovaa kiatu chenye kisigino, au unapochuchumaa ukiwa umesimamia vidole. Ukikaa muda mrefu kisha ukainuka, hatua za kwanza ni ngumu, halafu ndani ya nusu saa kiungo kinalegea. Miezi inapita, na juu ya kiungo panatokea uvimbe mgumu ambao watu husema "mfupa umeota". Wanasema kweli: ni mfupa.

Kinachotokea ndani

Ncha za mifupa kwenye kiungo zimefunikwa na gegedu, tabaka jeupe na laini linaloteleza kwa msaada wa ute. Gegedu halina mishipa ya damu, kwa hiyo likichubuka halijitengenezi vizuri. Halina pia mishipa ya fahamu, ndiyo maana linalika kimya, na mtu anapohisi maumivu kazi ya uharibifu imeshakwenda mbali. Mfupa ulio chini yake hubeba msuguano usiozoea, nao hujibu kwa kukomaa na kuota vichomozo pembeni. Kwenye kiungo hiki vichomozo huota zaidi upande wa juu, yaani palepale ambapo kidole kinapaswa kupita kinapoinuka. Hapo mfupa unagonga mfupa. Upande wa chini wa kiungo mara nyingi unabaki na gegedu zuri kwa miaka mingi, na jambo hilo litakuwa na maana tutakapofika kwenye upasuaji.

Mwili nao hautulii. Unajifunza kukwepa. Mgonjwa huanza kukanyagia upande wa nje wa mguu bila kujua, soli ya kiatu inalika upande mmoja, kisha vidole vidogo vinauma, goti linauma, wakati mwingine na nyonga. Kichomozo kikibanwa na kiatu kinaweza kuugandamiza mshipa mdogo wa fahamu unaopita juu yake, na sehemu ya kidole ikafa ganzi. Kiungo kidogo cha karibu na ukucha hulazimika kujipinda kupita kiasi ili kufidia, na chini yake panaota sugu. Nimeona watu wakitibiwa goti kwa muda mrefu huku hakuna aliyewaambia wavue viatu.

Kwa nini mtu fulani na si jirani yake? Kwa wengine ni jeraha la zamani: kujikwaa kwa nguvu, mpira uliochezwa peku utotoni, kitu kizito kilichoangukia mguu. Kwa wengine ni urithi wa umbo la mifupa. Mwaka 2003 wapasuaji wa Marekani, Coughlin na Shurnas, walichapisha uchunguzi wa wagonjwa zaidi ya 100 waliowafuatilia kwa miaka. Wenye ndugu waliougua walikuwa na tatizo miguu yote miwili karibu wote. Wenye tatizo mguu mmoja tu mara nyingi walikuwa na historia ya jeraha. Na hawakupata ushahidi kwamba viatu au kazi ndivyo vilivyouleta ugonjwa. Hili napenda lisikike, kwa sababu akina mama wengi huambiwa wamejitakia kwa viatu vya mchuchumio walivyovaa ujanani. Kiatu kibaya kinauchokoza ugonjwa uliopo, na kiatu kizuri kinautuliza. Hilo halimfanyi mvaaji kuwa na hatia.

Unaweza kujipima mwenyewe. Kaa kwenye kiti, nyayo zote mbili ziwe bapa sakafuni. Bila kunyanyua mguu, inua kidole gumba cha upande mmoja kwa mkono, polepole, kisha cha upande wa pili. Tofauti ikiwa kubwa, na upande unaouma ukigota mapema huku maumivu yakiwa juu ya kiungo, kuna sababu ya kupiga eksirei. Omba picha ipigwe ukiwa umesimama, maana mguu usiobeba uzito unaficha kubanwa kwa nafasi ya kiungo. Na usiogope picha kuliko unavyoogopa maumivu: wapo wenye picha mbaya wanaotembea sokoni kutwa nzima, na wapo wenye picha nafuu wanaolala na machozi. Tiba hufuata maumivu na kazi ya mtu.

Kiatu ndicho dawa ya kwanza

Ndala laini, zile za kununua dukani na kuzivaa mpaka ziishe, ni kiatu kibaya kuliko vyote kwa kidole hiki. Hazina ugumu wowote, zinakunjika palepale kiungo kinapokunjika, na ili zisivuke mtu anazishika kwa kubana vidole. Kiatu cha mchuchumio kina kosa lake: kisigino kikiwa juu, kidole kinakaa kimeinuka muda wote, hata ukiwa umesimama tu. Raba bapa za kitambaa zinakunjika kama ndala. Na kutembea peku kwenye sakafu ya vigae au saruji, kama tufanyavyo majumbani, kunakiachia kiungo kazi yote.

Kinachotakiwa ni soli ngumu isiyokunjika mbele, iliyopinda kwenda juu kuanzia nyuma kidogo ya vidole mithili ya omo la mtumbwi, ili mguu ubiringike juu ya soli badala ya kukunjwa. Sehemu ya vidole iwe pana na yenye kina, na ngozi au kitambaa cha juu kiwe laini bila mshono unaopita juu ya uvimbe. Kisigino kiwe kifupi. Ukipata kiatu chenye kamba, ruka tundu la kamba lililo juu ya uvimbe na ufunge kwingine. Mgandamizo unapungua papo hapo.

Si lazima uwe na fedha nyingi. Viatu vya kukimbilia vya siku hizi vyenye soli nene iliyopinda mbele vinapatikana kwenye mitumba, iwe Karume jijini Dar es Salaam au Gikomba jijini Nairobi. Ukishika kiatu, usiangalie jina. Kamata kisigino kwa mkono mmoja na ncha kwa mkono wa pili, kisha jaribu kukikunja. Kikikunjika kirahisi pale vidole vinapoanzia, kirudishe. Kiweke juu ya meza: ncha yake iwe imenyanyuka, na ukiibonyeza kisigino kiinuke bila soli kuvunjika katikati. Kagua pia kama soli imelika upande mmoja kwa mvaaji wa kwanza, kwa sababu mwendo wake utakuwa wako.

Mkulima au mfugaji anayevaa katambuga za matairi tayari yuko karibu na tiba kuliko mvaa ndala, mradi tairi ni nene na mikanda haipiti juu ya kiungo kinachouma. Fundi viatu mzuri wa mtaani naye anaweza kukuwekea kipande cha plastiki ngumu au ngozi nene katikati ya tabaka za soli, kuanzia kisigino hadi chini ya ncha ya kidole gumba, na kuichonga ncha ya soli ipinde. Mwelekeze kwamba kipande kifike mpaka mwisho. Kikiishia nyuma ya kiungo, kiatu kitakunjika palepale penye ubaya.

Ushahidi wa haya si wa kubahatisha. Watafiti wa Chuo Kikuu cha La Trobe, Melbourne, wamekifanyia kiungo hiki majaribio kwa miaka mingi. Mwaka 2016 walilinganisha viatu vyenye soli iliyopinda na pedi za ndani zinazoshikilia upinde wa mguu, na vyote viwili vilipunguza maumivu kwa kiwango kinachokaribiana. Mwaka 2021 walionyesha kwamba bamba jembamba la nyuzi za kaboni ndani ya kiatu linatuliza maumivu kuliko pedi ya kawaida ya kulinganishia. Kabla ya hapo, mwaka 2002, mapitio ya kumbukumbu za wagonjwa 772 huko Marekani yalikuta kwamba asilimia 55 walitibiwa kwa mafanikio bila upasuaji. Bamba hilohilo la kaboni Wakenya wanalijua kwa njia nyingine: lilikuwamo kwenye viatu vya Eliud Kipchoge aliposhuka chini ya saa mbili kwa umbali wa marathoni mjini Vienna tarehe 12 Oktoba 2019. Kwa mkimbiaji soli ngumu inapunguza nguvu inayopotea kwenye kukunjika kwa vidole, na kwa mgonjwa inapunguza maumivu yanayotoka hapohapo.

Pedi za kupimwa hutengenezwa na mafundi sanifu wa vifaa saidizi, na Tanzania ina bahati ya kuwa na chuo chao, TATCOT, kilichopo katika hospitali ya KCMC, Moshi, tangu 1981, ambacho kimefundisha watu kutoka nchi nyingi. Hospitali ya CCBRT jijini Dar es Salaam nayo ina karakana. Ukienda, chukua kiatu unachokivaa kila siku, maana pedi nzuri ndani ya kiatu finyu inaongeza mgandamizo juu ya uvimbe.

Nyumbani tunavua viatu mlangoni, na desturi hiyo ni njema. Tenga basi jozi moja ya makubadhi au kandambili zenye soli ngumu za kuvaa ndani tu, zisizotoka nje. Kwa anayepika na kufagia kutwa, jozi hiyo inaweza kuwa muhimu kuliko kiatu cha kutokea.

Sala, kuchuchumaa na kazi za kila siku

Ushauri ulioandikiwa watu wa mbali hausemi lolote kuhusu sala, na kwetu hili ni la kila siku. Sala tano za faradhi zina rakaa 17, kila rakaa ina sijida mbili, na katika sijida vidole hukunjwa vikielekea kibla. Katika kikao, mguu wa kulia husimamishwa juu ya vidole vilivyokunjwa. Kwa kidole kilicholika, kikao hicho ni mkunjo mkali kuliko hatua yoyote. Kusimamisha mguu ni sunna, na mwenye udhuru hukaa anavyoweza: aulaze mguu, autoe pembeni, au atumie kiti. Msala mnene husaidia. Kwa namna ya kusujudu, muulize sheikh wako ukimweleza wazi kinachouma. Mgonjwa anaficha udhuru wake kwa haya, na kila siku anakiumiza kiungo bila sababu. Kwa anayepiga magoti kanisani shida huwa wakati wa kuinuka: ashike benchi, atangulize mguu mzima, na ausimamie wayo mzima.

Kuchuchumaa nako kuna namna mbili. Visigino vikiwa chini, kidole gumba hakikunjwi sana. Visigino vikinyanyuka na mtu akasimamia vidole, kiungo chote kinabebeshwa. Kwa hiyo chooni, kwenye mafiga au kwenye beseni la kufulia, visigino viguse chini au uketi kwenye kigoda. Anayepalilia apumzike kwa kukaa badala ya kuchuchumaa. Dereva wa bodaboda anayeinua gia kwa mgongo wa kidole anagonga kichomozo kila anapobadilisha; kiatu chenye sehemu ya juu ngumu, kilichofunika kidole, kinamwokoa.

Mazoezi yapo, ila yawe ya upole. Kunyoosha misuli ya nyuma ya mguu kwa kusukuma ukuta, kisigino kikiwa chini, kunapunguza mzigo unaokwenda mbele ya mguu. Kukivuta kidole taratibu kwa kukinyoosha mbele, si kukikunja juu, na kukizungusha ndani ya eneo lisilouma, kunafaa katika hatua za mwanzo. Baiskeli ni rafiki, mradi unakanyaga pedeli kwa katikati ya wayo. Kupunguza uzito wa mwili kwa aliyezidi kunaonekana kwenye kidole mapema kuliko watu wanavyotarajia.

Vidonge, dawa za kupaka na sindano

Diklofenaki na ibuprofeni zinatuliza, na kwa sababu zinatuliza zimekuwa zikinunuliwa kama peremende. Zikimezwa kila siku zinaweza kutoboa tumbo, kupandisha presha na kuharibu figo. Hatari inazidi kwa anayetumia vidonge vya presha vya enalapril au losartan pamoja na dawa ya kukojosha, kwa kuwa mchanganyiko wa hizo tatu unaweza kuzima figo ghafla, hasa akiharisha au akikosa maji. Kiungo hiki kipo karibu na ngozi, kwa hiyo diklofenaki ya kupaka inakifikia vizuri, na kiasi kinachoingia kwenye damu ni kidogo sana. Anza na hiyo. Vidonge viwe vya siku chache, baada ya chakula, na mwenye vidonda vya tumbo, ugonjwa wa figo au moyo, au mjamzito, asiviguse bila daktari.

Kuhusu chupa zinazouzwa kuwa ni dawa asilia ya viungo vyote, jihadhari na ile inayoondoa maumivu usiku mmoja. Katika nchi nyingi wakaguzi wa dawa wamekuta deksamethasoni, ambayo ni steroidi, au diklofenaki zimechanganywa kimyakimya ndani yake. Uso ukianza kuvimba mviringo na sukari ikipanda, mtu aende hospitali na chupa yake mkononi, na asiikatize ghafla peke yake.

Sindano ya steroidi ndani ya kiungo inaweza kumpa mtu nafuu ya wiki kadhaa au miezi michache, na kwa mwenye shughuli kubwa mbele yake, kama safari ya hija, nafuu hiyo ina thamani. Haikirudishi kiungo. Sindano ya ute bandia, ambayo ni ghali, ilijaribiwa na watafiti walewale wa Melbourne kwa watu 151 na matokeo yakachapishwa 2011: haikuishinda sindano ya maji ya chumvi. Nisingemshauri mtu auze mbuzi kwa ajili yake.

Mwenye kisukari asome sehemu hii mara mbili. Kidole kisichokunjika kinaongeza mgandamizo chini yake, na mguu uliopoteza hisia haumwambii mwenyewe. Hapo ndipo vidonda visivyopona huanza. Akague nyayo zake kila jioni, asikande kwa maji ya moto ambayo hakuyapima kwa kiwiko, na sugu isikatwe kwa wembe.

Kisu kinapofaa

Ikiwa miezi ya kiatu sahihi haikusaidia na maumivu yanamzuia mtu kufanya kazi, upasuaji una nafasi yake. Hospitali kubwa kama MOI (Taasisi ya Mifupa Muhimbili) na KCMC zina wapasuaji wa mifupa. Njia mbili ndizo zinazotumika zaidi.

Ya kwanza ni kuchonga vichomozo vya juu pamoja na sehemu ya juu ya kichwa cha mfupa, hadi karibu theluthi moja. Hapa ndipo lile gegedu lililobaki upande wa chini linapopata kazi: kidole kinapata nafasi ya kuinuka, na kinateleza juu ya sehemu iliyo salama. Inafaa kwa ugonjwa wa mwanzo na wa kati. Mgonjwa hukanyaga siku chache baadaye kwa kiatu kigumu, ingawa uvimbe hukaa kwa miezi. Ugonjwa unaweza kurudi.

Ya pili, kwa kiungo kilichokwisha kabisa, ni kukiunganisha: gegedu lililobaki huondolewa, mifupa miwili hushikwa kwa skrubu na bamba la chuma mpaka iwe mfupa mmoja. Watu husikia hili wakaogopa, wakidhani watachechemea maisha yao yote. Uzoefu wa miongo mingi unaonyesha vinginevyo. Mifupa hushikana kwa zaidi ya wagonjwa 9 kati ya 10, maumivu yanaondoka, na wengi hutembea mwendo mrefu na kufanya kazi nzito, kwa sababu kisichokunjika hakina cha kuuma. Wanachopoteza ni kiatu cha mchuchumio, kikao cha kusimamisha mguu na kuchuchumaa kwa vidole. Kidole huunganishwa kikiwa kimeinuka kidogo, nyuzi 10 hadi 15 hivi kutoka sakafuni, na pembe hiyo haibadilishwi baadaye. Mweleze mpasuaji kabla ya siku yenyewe kwamba unasali, unalima, au unavaa viatu vya aina fulani kazini. Hatakisia. Mvutaji sigara aache wiki kadhaa kabla, na mwenye kisukari aiweke sukari sawa, kwani mifupa yao hushikana kwa shida.

Viungo bandia vimekuwa vikijaribiwa kwa miongo kadhaa na havijafikia uimara wa vile vya goti na nyonga. Kimoja, Cartiva, kipande cha plastiki laini kilichowekwa badala ya gegedu, kiliidhinishwa Marekani mwaka 2016 kwa matumaini makubwa na kikaondolewa sokoni 2024. Upo pia upasuaji wa zamani wa Keller, wa mwaka 1904, unaokata sehemu ya mfupa wa kidole. Unaondoa maumivu lakini unaacha kidole dhaifu, na siku hizi hubakizwa kwa wazee wasiotembea sana.

Baada ya kuunganishwa, mguu hukaa kwenye kiatu maalumu au plasta kwa wiki 6 hivi, na mfupa huchukua karibu miezi mitatu kukomaa. Ikiwa miguu yote miwili inaumwa, afadhali ufanyiwe mmoja kwanza, mwingine baadaye. Mkulima aweke tarehe baada ya mavuno, ili msimu wa kupanda ukifika awe anakanyaga mguu uliopona, na kabla ya kulazwa awe amepata mtu wa kuteka maji.